Twende Nyumbani Likizo, Tusingoje Msiba

Mazungumzo ya mhasibu wa umoja wetu kwenye chakula cha jioni cha harambee ya mwaka, Dar es Salaam

   

Mwenyekiti aliponipigia simu nilidhani anataka niwasomee mapato na matumizi kama kila mwaka. Akaniambia, "Hapana mwanangu, hesabu zimechapwa kurasa za nyuma, watu watazisoma wakingoja pilau. Wewe tuhadithie ile safari yako ya likizo." Kwa hiyo leo nasimama kama mama aliyewapeleka watoto wake likizo Pangani. Lakini mhasibu hawezi kuuacha uhasibu mlangoni, kwa hiyo mtanisamehe nikitaja namba mbili tatu.

Nianze na aibu yangu. Mwezi wa tano mwaka jana niliwakusanya wanangu watatu mezani nikawaambia kwamba likizo ya Juni tunakwenda Pangani. Yule mdogo, wa miaka sita, akaweka kijiko chini akaniuliza, "Mama, nani kafa?"

Baba yake alicheka. Mimi nilishindwa kucheka. Mtoto yule amefika Pangani mara tatu, na mara zote tatu tulikwenda kuzika. Tunafika usiku, asubuhi tunazika, tunakaa mkekani, kisomo kikiisha siku ya tatu tunapakia nazi na mikate ya ufuta kwenye buti tunarudi mjini. Kwake yeye Pangani ni mahali watu wanapokwenda kulia. Likizo tulikuwa tunampeleka Unguja, Mombasa tumempeleka mara moja, na bwawa la hoteli moja ya hapa jijini analijua kuliko mto ambao bibi yake kazaliwa kando yake.

Sidhani ni nyumba yangu peke yake. Naona wengine mmeinamia sahani.

TULICHOKUTA

Tulikwenda siku tisa. Tulipitia Tanga mjini, na kabla ya kufika kwetu tukasimama Tongoni. Pale pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ya karne ya 14 na ya 15, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Mimi nimepita barabara ile tangu nikiwa shule ya msingi, tena dirishani, na sikuwahi kushuka hata siku moja. Binti yangu wa miaka 14 alizunguka pale saa nzima na simu yake, akaniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Mlinzi wa pale ndiye aliyenisaidia.

Pangani mjini tuliwaajiri vijana wawili wa pale watutembeze. Mimi, mtoto wa pale, nikamlipa kijana wa pale anitembeze kwetu! Mjomba wangu alikasirika, akasema pesa zimenizidi. Lakini nawaambieni, nilijifunza. Nyumba zile tunazopita kila siku, za Waarabu na za Wajerumani, milango iliyochongwa, boma kuukuu, mtaa wa maduka ya Wahindi pale ufukweni mwa mto, kijana yule alizisoma kama kitabu. Akatuonyesha ilikoanzia vita. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipotaka kushika forodha na kutweka bendera yake, watu wa Pangani walikataa, na moto ukaenea pwani nzima. Abushiri bin Salim aliongoza, na Bwana Heri akashikilia upande wa Saadani. Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwanangu wa kati, wa miaka kumi, alikuwa amelisoma jina hilo darasani, akajibu swali la mtihani, akapata vema. Hakujua kwamba ni kwao.

Siku ya pili tuliingia mtoni jioni. Mto wetu unaanzia Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unazalisha umeme Hale na kwenye maporomoko yake, ndipo unafika kwetu umechoka na umepanuka. Ukipanda nao jioni maji yanapojaa, unakwenda katikati ya mikoko, kisha minazi juu ya minazi, na furukombe yuko juu anatazama samaki wake. Ukizidi kwenda juu kuna mamba, kwa hiyo kuoga si huko. Watoto walinyamaza nusu saa nzima bila kuambiwa. Mama yeyote aliyeko hapa anajua hilo lina thamani gani.

Siku ya tatu tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni. Naomba mwavushe watoto wenu kwa kivuko kile wakiwa bado wadogo. Serikali inajenga barabara ya kutoka Bagamoyo kupita Saadani na Pangani hadi Tanga, na daraja la mita 525 juu ya mto wetu, na kivuko kitabaki hadithi. Nitalirudia jambo hilo la barabara, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Ng'ambo ya mto, upande wa Kikogwe, tulikodi baiskeli tukapita katika mkonge. Wangapi wanajua kwamba mkonge wa Afrika Mashariki ulianzia pale? Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Ujerumani, ikafa njiani, ikafa melini, na iliyofika hai Tanganyika ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche hiyo 62 mkoa wetu ukajaa mashamba, reli ikabeba mkonge, bandari ikajaa. Babu yangu alikata mkonge miaka ishirini. Alipofariki aliacha panga, baiskeli na nyumba ya makuti. Utajiri ulianzia mlangoni petu, ukaenda kulala kwa watu wengine. Nawaomba mlikumbuke hilo, nitalirudia pia.

Kutoka hapo tukaenda Ushongo. Ufukwe wa Ushongo sitausifia sana, kwa sababu aliyeuona haitaji kusifiwa, na ambaye hajauona ataniona ninatia chumvi. Mchanga mweupe, minazi, mashua za ngalawa zimelala pembeni, na asubuhi maji yakipwa unatembea mpaka miguu ikatae. Watoto wa pale waliwafundisha wanangu kucheza mpira mchangani, wakawafunga saba bila.

MAZIWE

Sasa kisiwa. Kisiwa cha Maziwe kiko baharini mkabala na Ushongo, na ni eneo tengefu la bahari. Wazee mlioko hapa mnakikumbuka kikiwa na mivinje na kasa wengi wakipanda kutaga. Miti ile imekwisha. Bahari imeula mchanga mpaka leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, na likizama maji yakijaa. Lakini kasa hawajasahau. Bado wanapanda kutaga pale, na kwa sababu mayai yangezama, watu wa Ushongo huyahamisha na kuyafukia pwani yao. Baada ya siku kama 50 au 60 vinatoka vitoto vya kasa vinakimbilia maji. Niambieni, kama hao wanarudi walikozaliwa hata baada ya kisiwa kuzama, sisi tuna udhuru gani?

Kando ya fungu lile kuna matumbawe. Unavaa miwani ya kuogelea, unainamisha uso, unaona samaki wa rangi ambazo dukani hazipo. Wenye bahati huona pomboo njiani.

Tuliona yote hayo, na tulifurahi. Lakini safari ile nusura inigharimu mwanangu, na hili ndilo nililokuja kulisema.

Safari ile ya baharini nilikuwa nimeilipia hapa mjini kabla ya kuondoka, kwa wakala mmoja nisiyemtaja. Tulitakiwa kuondoka alfajiri. Tukangojeshwa wageni wengine waliolipa kwa wakala huyo huyo, tukaondoka jua limeshapanda. Tulikuwa watu 13 katika mashua. Majaketi okozi, yale maboya ya kuvaa, yalikuwa manne. Yote ya watu wazima.

Mnajua kusi la mwezi wa sita. Asubuhi bahari inakusikiliza, mchana haikusikii tena. Tulipogeuka kurudi, upepo ulikuwa umekaza. Tukafika karibu na mlango wa mto, pale maji ya mto yanapogombana na mawimbi, injini ikazimika. Mashua ikalala ubavu kwa wimbi. Nahodha akatuambia kwa sauti ya chini kabisa, "Kaeni chini, mshikane, asisimame mtu." Kijana wake akachukua kasia kuishika mashua isigeuke.

Yule wa miaka sita nilikuwa nimemvika jaketi la mtu mzima. Wimbi lilipoturusha, jaketi lilipanda juu likamfika masikioni, na yeye akateleza chini kama mtu anayetoka kwenye gunia. Nilimkamata kwa mguu. Nahodha alivuta kamba ya injini. Nilihesabu, ni ugonjwa wa kazi: iliwaka mara ya kumi na moja.

Tulifika salama, alhamdulillahi. Nilipokanyaga mchanga hasira zilinipanda, nikamfuata yule nahodha. Ni mtu mzima, umri wa marehemu baba yangu. Nikamwamkia, halafu nikamuuliza, "Baba, kwa nini majaketi manne?" Hakunijibu kwa ukali. Aliniambia nilichoulizwa nimelipa kiasi gani mjini, nikamwambia. Akanyamaza. Kisha akanitajia yeye alicholipwa kwa siku nzima, mafuta yakiwa juu yake. Akasema, "Mwanangu, hayo manne nimeyanunua kwa kuuza nyavu. Ningeongeza kwa nini?"

HESABU

Usiku ule nilikaa kwenye baraza ya mjomba na daftari langu na risiti zangu zote. Katika kila shilingi 100 niliyolipa kwa safari ile ya bahari, shilingi 17 ndizo zilizomfikia mwenye mashua, na humo humo anunue mafuta, amlipe kijana, atengeneze injini, na anilindie watoto. Shilingi 83 zilibaki hapa Dar es Salaam, maili nyingi kutoka kwenye wimbi lile.

Simlaumu wakala peke yake. Mimi ndiye niliyelipa bila kuuliza. Ningenunua kiwanja, ningeuliza maswali ishirini. Kumpandisha mwanangu mashua sikuuliza hata moja.

Desemba tulirudi tena. Safari hii nilipanga mwenyewe kwa simu. Tulilala nyumba ya wageni ya mama mmoja wa pale. Tulikula kwa mama lishe, wali wa nazi, pweza, na mkate wa kumimina asubuhi. Waongozaji niliwalipa mkononi, baiskeli nililipa mkononi, na mashua nilizungumza na nahodha yule yule. Nilimpa pesa iliyozidi mara mbili ile aliyolipwa Juni, na bado mimi nilitumia pungufu ya nusu ya nilichomlipa wakala. Majaketi ya watoto nilikwenda nayo kutoka mjini. Kiingilio cha Maziwe nilikilipa kwa njia ya serikali na risiti nikapewa. Nilipofunga daftari, katika kila shilingi 100 ya matumizi yetu tukiwa Pangani, 64 ziliingia mikononi mwa watu wa Pangani.

Sitawadanganya kwamba zote zilibaki. Mafuta yalitoka nje. Soda na maji ya chupa vilitoka nje. Siku moja tulikosa samaki sokoni, katika mji wa wavuvi, kwa sababu wazuri wote walikuwa wameondoka usiku kwa gari la barafu. Hayo nayo ni ya kufikiriwa. Lakini kutoka 17 kwenda 64 hakukuhitaji mfadhili. Kulihitaji simu tano tu.

Ndipo narudi kwenye barabara. Lami ikikamilika na magari yakipita darajani, watu watakuja, tukipenda tusipende. Wengine watapita kwenda Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo upande wake wa kaskazini, huko Mkwaja na Madete, ni nyumbani kwetu. Wapi kwingine nchini utakuta tembo na twiga mchana, na jioni unachovya miguu baharini? Viwanja vya ufukweni tayari vinauzwa, na wanaouza ni ndugu zetu, kwa bei ambayo mnunuzi akifika kwake hucheka. Mjomba wangu ana hofu nyingine. Anasema wageni wataleta mavazi yao na ulevi wao. Hofu hiyo siidharau, lakini adabu za mji huwekwa na wenyeji waliopo. Kama wenyeji wako Temeke, nani atamwambia mgeni ajifunge kanga akipita mbele ya msikiti?

Nachelea tutafanyiwa kama tulivyofanyiwa kwa mkonge. Kitu kitaanzia kwetu, kitakua, na sisi tutaachiwa panga na baiskeli.

TUNACHOOMBA MWAKA HUU

Kamati imekubali mambo matatu, na ndiyo yanayochangiwa usiku wa leo.

La kwanza, majaketi okozi 60, na katika hayo 24 yawe ya watoto, ya saizi mbili. Yatakaa katika masanduku mawili yenye kufuli, moja Pangani mjini na moja Ushongo, chini ya wenye mashua wenyewe. Atakayeyachukua atasaini, na kila abiria atalipa kitu kidogo kitakachowekwa akiba ya kununua mapya, maana jua na chumvi huyala. Bei nimezipata kwa wauzaji watatu, na barua zao ziko mezani kwa mweka hazina. Njooni mzikague.

La pili, mafunzo ya huduma ya kwanza na uokoaji kwa manahodha na vijana 20 wanaotembeza wageni. Wapo vijana wetu wanaokaa baharini kutwa na hawajawahi kufundishwa namna ya kumrudishia pumzi aliyekunywa maji.

La tatu, choo cha heshima na ubao wa bei pale zinapopandishwa mashua. Ubao wenye bei za mtoni, Maziwe na matembezi ya mji, ili mgeni asikatwe na nahodha asipunjwe. Mama zangu wanajua kwa nini nimetaja choo. Mwanamke na mtoto wa kike hawawezi kukaa kutwa mahali pasipo na choo, na wasipokaa, pesa yao nayo haikai.

Mtaniuliza nani atasimamia. Ni swali zuri, kwa sababu harambee zetu za nyuma si zote zilizomalizika kwa risiti. Mimi nitaweka hesabu za jambo hili bila malipo, kila miezi mitatu zitabandikwa kwenye ubao ule ule wa bei, na mwakani katika kijarida hiki mtazisoma shilingi kwa shilingi. Zikikosekana, jina langu mnalijua na nyumbani kwangu mnapajua.

NA OMBI LISILO LA PESA

Hindorf alianza na miche 62. Mimi naomba familia 62. Si mchango huo, ni ahadi: kwamba mwaka huu, ama likizo ya Juni ama ya Desemba, mtawapeleka watoto Pangani siku zisizopungua nne, pasipo msiba. Mpate mahali pa kulala palipo pa mtu wa pale, mle kwa watu wa pale, mtembezwe na vijana wa pale. Wenye nyumba ya ukoo pia. Laleni kwa shangazi, lakini pesa mliyookoa hotelini itumieni sokoni na kwenye mashua, msirudi nayo mjini.

Na kwa kuwa mimi nimeshalipa ada ya ujinga, niwape mambo machache.

Masika, mwezi wa nne na wa tano, bakini mjini. Njia ni matope na bahari ni chafu. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni ya ubaridi mzuri, kufaa kabisa kwa mto, baiskeli, magofu na Saadani. Baharini Juni nendeni asubuhi, na mgeuke kurudi kabla kusi halijakaza. Mnaotaka Maziwe hasa, kuzamia na kuona chini, ngojeni kaskazi, Desemba hadi Februari, maji yakiwa meupe na bahari imetulia.

Angalieni mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya shule. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji kwetu hupwa sana majira ya saa nne na saa tano asubuhi, na fungu la Maziwe hukaa wazi muda wa kutosha. Maji mafu mtakwenda kupunga hewa tu. Mkiwa na shaka muulizeni mvuvi, msiulize simu.

Saadani bebeni vitambulisho, kwa sababu Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Kila mnapolipa ombeni risiti. Msishike kasa, msikanyage matumbawe, msinunue makombe wala magamba ya kasa.

Na kabla hamjapanda mashua, hesabuni vichwa, halafu hesabuni majaketi. Namba mbili hizo zisipolingana, teremkeni. Mkiwa mmeshalipa, teremkeni vilevile. Mwambieni nahodha kwa heshima kwamba mnateremka kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya bei. Mfungieni mtoto jaketi kwa kamba ya chini ya mapaja, mlivute juu mabegani. Likipanda, si lake.

Nimekwisha. Mwenyekiti ananionyesha saa, na pilau nasikia limeshafunuliwa. Mimi na mume wangu tunatoa majaketi sita ya watoto usiku huu, taslimu, na stakabadhi nimeshajikatia namba moja. Namba mbili ni ya nani?

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, ya mchango nyeupe, ya likizo ya kijani. Ile ya kijani ina mstari wa kuandika tarehe. Nawaomba msiuache wazi, kwa sababu mimi nitawapigia simu. Siku za bamvua za Juni na Desemba tumezichapa nyuma ya kijarida hiki ili msiseme hamkujua.

Yule mdogo wangu yuko pale, meza ya karibu na mlango. Mtakapopita muulizeni Pangani kuna nini. Mimi nimeshamsikia, na hatawaambia habari za msiba.